Tupa ipi ya kulainishia mtutu wa gobore, na inapigwaje?

Swali la msomaji: "Naishi Pennsylvania, Marekani. Nimenunua gobore la gumegume lililokuja vipande vipande, la kujiunganishia mwenyewe. Mtutu una pembe nane, urefu inchi 42, upana inchi 7/8 kutoka bapa hadi bapa, tundu la .45. Kila bapa lina mistari ya mashine iliyokingama. Nilijaribu bapa moja la juu kwa tupa iliyokuwa kwenye boksi la zana nyumbani, likatoka na mikwaruzo mibaya kuliko mistari yenyewe. Ninunue tupa gani, na nipigeje? Rafiki yangu ananiambia nitumie grenda nimalize kwa saa moja."

Ndugu msomaji, bapa lako halijaharibika. Ila hiyo tupa ya boksini iweke kando kabla hujagusa bapa la pili, kwa sababu inaelekea matatizo mawili yamekutana hapo, la tupa isiyo ya kazi hiyo na la meno yaliyoziba.

Itazame karibu na dirisha. Kama mistari ya meno inakatizana ikatoa vitone vidogo vya umbo la almasi, hiyo ni ya mkato pacha. Imetengenezwa kuondoa chuma haraka ikisukumwa kwa urefu wake, na kila kitone kinachora mstari wake peke yake. Ukiikingamisha juu ya mtutu na kuivuta, inachora kama reki. Unayoihitaji ni ya mkato mmoja, ambayo meno yake ni mistari sambamba iliyolala mshazari kutoka ukingo hadi ukingo. Jino la namna hiyo likipita juu ya chuma kwa kukingama linakwangua kama blade ya randa, na nyuma yake linaacha uso wenye mng'ao wa kijivu usio na mifereji.

Dukani pakiti yake huandikwa Mill Bastard. Neno la kwanza ni umbo: tupa bapa ya mkato mmoja. La pili ni ukali wa meno. Kuna bastadi, ambayo ni kali. Kuna ya kati, huandikwa Second Cut. Na kuna laini, Smooth. Wengi wanakosea hapa kwa kudhani bastadi zote zina meno sawa. Ukubwa wa meno unafuata pia urefu wa tupa: bastadi ya inchi 12 ina meno makubwa kuliko bastadi ya inchi 8, na laini ya inchi 12 inaweza kukuachia uso mkali kuliko ulivyotarajia. Urefu unapimwa bila mkia, yaani ile ncha nyembamba inayoingia kwenye mpini haihesabiki.

Kwa mtutu wa upana wako nunua mbili. Ya kwanza ni mill bastadi ya inchi 10, ya kuondolea mistari ya mashine. Ya pili ni mill laini ya inchi 8 au 10, ya kumalizia. Ukiweza kuongeza ya tatu, iwe ndogo ya inchi 6 kwa sehemu za karibu na vilengeo na sehemu ya nyuma ya mtutu. Nicholson, Bahco, Pferd na Grobet ni majina yanayopatikana Marekani. Jina pekee halitoshi lakini, kwa hiyo chagua kwa macho. Itoe tupa kwenye pakiti, ishike usawa wa jicho na uangalie kwa urefu kama imepinda. Mpindo mdogo sana wa tumbo si kasoro, na unasaidia kuuma katikati ya bapa bila kula kona. Iliyojisokota kama parafujo irudishe rafuni. Angalia pia meno kwa kuigeuzageuza kwenye mwanga. Ukiona madoa yanayong'aa, meno hapo yamelala au yamevunjika, na kila doa la namna hiyo litakuandikia mstari kwenye mtutu.

Tupa mpya kabisa ina meno machache yaliyosimama kupita mengine. Ipitishe kwanza mara kadhaa, kwa mkono mwepesi, juu ya kipande cha shaba ya njano au chuma laini cha taka. Baada ya hapo itengee kazi ya mtutu tu. Usiitumie kwenye msumari, wala kwenye parafujo iliyochomwa ikawa ngumu. Na isilale ndani ya boksi pamoja na tupa nyingine, maana tupa zikigongana huvunjana meno. Izungushie kitambaa au uiingize kwenye mfuko wa turubai.

Kabla ya tupa kugusa chuma

Hakikisha mtutu ni mtupu, hata kama umetoka kiwandani jana. Tumbukiza mdeki, yaani ile fimbo ya kushindilia, hadi mwisho, weka alama ya kidole pale unapotokea mdomoni, kisha uulaze mdeki huohuo nje ya mtutu kwa urefu uleule. Ncha yake ifike karibu na uso wa kizibo cha nyuma, yaani parafujo nene inayofunga mtutu kwa nyuma, kwenye usawa wa kitundu cha moto. Ikiishia mbali na hapo, kuna kitu ndani.

Pima unene. Mtutu wa inchi 7/8 ni mm 22.2. Tundu la .45 ni mm 11.4. Kila upande kwa hiyo una ukuta wa kama mm 5.4, ukitoa kina cha mifereji ya ndani inayoizungusha risasi. Nyuma, penye kizibo, hesabu inabadilika. Kama kizibo chako ni cha inchi 5/8, yaani mm 15.9, ukuta uliozunguka hesi zake ni mm 3 na kidogo tu. Mistari ya mashine kwa kawaida ina kina cha kama mm 0.05, na ukiondoa hadi mm 0.1 kwenye bapa hujapunguza nguvu yoyote ya maana. Lakini ukianza kufukuza shimo la nusu milimita, na juu ya bapa hilohilo kuna mfereji wa kilengeo uliokatwa kwa kina cha zaidi ya milimita mbili, unachezea chuma kinachozuia baruti. Kwa sababu hii mtutu wa zamani uliopatikana stoo, wenye vishimo vya kutu, haumo katika maelezo haya. Mtutu wa namna hiyo unapelekwa kwa fundi wa silaha aupime, na kama ni wa kale kweli, kuupiga tupa kunafuta thamani yake yote.

Kizibo kibaki kimefungwa mahali pake. Usikifungue "ili kazi iwe rahisi". Bapa la mtutu na bapa la kizibo yanatakiwa yakwanguliwe kwa pamoja, kama uso mmoja. Ukivipiga tupa kila kimoja peke yake, siku ya kufunga utakuta ngazi kwenye kiungo ambayo kila anayeshika bunduki ataiona.

Kisha amua ni mabapa yapi ya kuguswa. Mtutu wako una manane, na matatu ya chini yanazama ndani ya mti wa bunduki na hayataonekana tena. Yaache kama yalivyo. Mafundi wa bunduki wa karne ya 18 wa Lancaster, hukohuko Pennsylvania, ambao bunduki zao ndizo asili ya hiyo unayoiunganisha, waliyaacha yakiwa na alama za jiwe la kunolea na tupa kali, na hakuna mnunuzi aliyelalamika. Mabapa mawili ya ubavuni yanahitaji tahadhari kubwa kuliko yote. Kama mti umeshachongwa kiwandani kupokea mtutu, kila unachoondoa ubavuni kinageuka kuwa ufa kati ya chuma na mti. Mm 0.1 kila upande ni unywele, lakini ni unywele unaoonekana kwa inchi 40. Kwa hiyo piga tupa laini tu ubavuni, mipigo michache, uishie hapo. Kama bado hujachonga mti, maliza chuma kwanza ndipo uchonge.

Ubavu wa kulia sehemu ya nyuma, panapokaa mtambo wa kufyatulia, usipaguse kabisa kama mtambo umeshalinganishwa na mtutu. Sahani ya mtambo inatakiwa iegemee chuma bila nafasi. Ukiacha nafasi, baruti ya kwenye kijaluba, yaani kile kisahani cha baruti ya kuwashia, inateremka ndani, na siku moja itawaka humo.

Alama zilizopigwa kwenye chuma, kama namba, ukubwa wa tundu, onyo la kutumia baruti nyeusi pekee na mihuri ya ukaguzi kwa mitutu ya Italia na Hispania, zinabaki. Zikiwa kwenye bapa linaloonekana, pita pembeni yake au ukubali bapa hilo libaki na mistari kidogo hapo. Kwa nchi nyingi za Ulaya kufuta muhuri wa ukaguzi ni kosa la sheria, na hata pasipo na sheria hiyo, mnunuzi wa kesho atataka kuuona.

Kuushika mtutu

Mtutu wa inchi 42 ukibanwa upande mmoja na vaisi, upande wa pili unacheza. Mtutu unaocheza unafanya tupa ilie, na tupa inayolia inaacha mawimbi. Tengeneza kitanda cha mbao. Chukua ubao mnene wa urefu karibu sawa na mtutu, uchonge mfereji wa umbo la V wenye nyuzi 90. Mtutu wa pembe nane ukilala humo unakaa juu ya mabapa mawili ya mshazari, bapa moja linatazama juu likiwa sawa kabisa, na la chini linaning'inia bila kugusa kitu. Ukitaka bapa linalofuata unauzungusha mara moja. Weka kipande cha mbao mwisho wa mfereji kuzuia mtutu usikimbie, tandika kitambaa au ngozi nyembamba, kisha ubane kitanda chenyewe kwenye benchi. Vaisi ibane mbao, isibane mtutu.

Ziba mdomo kwa kizibo cha chupa au kipande cha mti mlaini, na kitundu cha moto kwa kijiti cha kuchokolea meno. Chenga za chuma zikiingia ndani ya mifereji na kukutana na mafuta zinakuwa msasa, na risasi ya kwanza utakayoisukuma kwa mdeki itausugulia ukutani.

Kama mifereji ya vilengeo imeshakatwa, ijaze. Kata kipande cha chuma laini au shaba kinachoingia kwa kubana, kiwe usawa na bapa. Pasipo hicho, tupa inadumbukia kila inapopita, na baada ya mipigo hamsini kingo za mfereji zimeteremka na kilengeo chako kinakaa kama jino bovu.

Mkono wenyewe

Paka bapa lote wino wa kalamu nene ya bluu au nyeusi. Wino ndio utakaokuambia ukweli, kwa kuwa jicho peke yake hudanganywa na mng'ao.

Sugua chaki ya ubao wa shuleni kwenye meno ya tupa hadi yawe meupe. Usitie mafuta wakati huu. Mafuta yanafanya tupa iteleze juu ya chuma badala ya kuuma, na yanagandisha chenga kati ya meno. Hata jasho la vidole linatosha kuharibu, ukipapasa bapa kuhisi limefikia wapi, tupa itateleza mahali palepale ulipopapasa. Pangusa kwa kitambaa kikavu.

Shika tupa kwa mikono miwili, imekingama juu ya mtutu, mkia upande mmoja na ncha upande wa pili. Vika mkia mpini mfupi au kizibo, usiuache uchi kwenye kiganja. Leta mikono karibu na mtutu, dole gumba la kila mkono likiwa sentimita mbili au tatu tu kutoka kwenye bapa. Mikono ikiwa mbali, huko kwenye ncha za tupa, kila mtikisiko mdogo wa bega unaifanya tupa ipinduke, na tupa inayopinduka inakula kona. Huko ndiko kunakozaliwa bapa la mviringo: katikati bado pana wino, kona zote mbili zimeng'aa na kulegea.

Sukuma kidogo, kisha vuta kidogo. Upande mmoja utasikia tupa inauma kwa sauti ya "shhh" ya kukwangua, upande mwingine inateleza bila kufanya kitu. Fanya kazi upande unaouma tu. Ukirudi, inua tupa, usiiburute, kwa sababu kuburuta kinyume kunachakaza meno bila faida. Ukitaka kazi iwe ya kuvuta badala ya kusukuma, geuza tupa ili mkia uhamie mkono wa pili, na mwelekeo wa kuuma utageuka nao.

Mpigo uwe mrefu, sentimita 30 hadi 40, kwa uzito sawa kuanzia mwanzo hadi mwisho. Wanaoanza hupiga vipande vifupi vya sentimita 10 pale wanapoona mstari mbaya, wakamaliza hapo, wakasogea. Matokeo yake ni bapa lenye mabonde ambayo hayaonekani kwa karibu, lakini ukiutazama mtutu kwa urefu wake kuelekea dirishani, mwanga unacheza juu yake kama maji. Mpigo mmoja uingie ndani ya mwingine kwa nusu ya urefu wake, na usianzie wala kuishia mahali pamoja mara mbili mfululizo. Ukishafika mwisho wa mtutu, hamia upande wa pili wa benchi urudi kutoka huko.

Uzito wa mkono ni ule wa tupa yenyewe na kidogo zaidi. Tupa isiyochakaa haihitaji kukandamizwa. Ukijikuta unakandamiza, ama meno yameziba ama tupa imekwisha.

Baada ya kila mipigo minne au mitano, simama usafishe. Tumia brashi ya waya mfupi iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, ukifuata mwelekeo wa meno, si kukatiza. Zile chenga zilizong'ang'ania zisizotoka kwa brashi, zitoe kwa kipande cha shaba ya njano au shaba nyekundu kilichopondwa ncha ikawa bapa. Kisukume sambamba na meno, meno yenyewe yatachonga ncha ya shaba iwe kama kitana kidogo kinachoingia katika kila mfereji. Usitumie sindano ya chuma kigumu. Kisha chaki tena.

Ni kazi inayochosha kwa kusimamasimama, na ndipo watu wengi wanapoharibu. Mitutu mingi ya magobore ya siku hizi inatengenezwa kwa chuma laini kinachokatika vizuri mashineni. Baadhi ni 12L14, ambacho kimechanganywa madini ya risasi kidogo ili kikatike zaidi. Ulaini huohuo unafanya chenga zijibandike kwenye meno. Chenga moja ikishajibandika inakusanya nyingine juu yake, inakuwa kijipu kigumu kilichosimama juu ya usawa wa meno, na inaelekea kijipu hicho nacho kilichangia mikwaruzo uliyoiona. Haikuwa tupa kukata vibaya tu, bali ilikuwa imebeba chuma cha mtutu wako mwenyewe na kuuchora mtutu nacho. Dalili yake unaisikia kabla ya kuiona: sauti ya kukwangua inageuka kuwa mlio mwembamba, na mkononi unahisi kitu kinakwama. Acha papo hapo. Mpigo mmoja zaidi unaongeza mfereji wa mm 0.1, na mfereji huo utakugharimu nusu saa.

Mikwaruzo iliyopo kwenye bapa lako itoe hivi. Usiishambulie mahali ilipo. Paka wino bapa zima, chukua bastadi mpya yenye chaki, piga bapa lote kwa usawa hadi wino uliobaki uwe ndani ya mikwaruzo tu. Pima upana kwa vernia kutoka bapa hilo hadi la chini yake, kila sentimita 10. Tofauti kati ya vipimo ikiwa chini ya mm 0.1, endelea. Mkwaruzo mmoja mkaidi uliobaki, wenye kina kuliko mingine, una haki ya kubaki. Kuuacha kunakupa bunduki yenye mstari mdogo, na kuufukuza kunakupa bapa lililopungua kuliko wenzake, kona zikiwa hazilingani tena. Jicho husamehe mstari upesi. Kona inayotangatanga kutoka nyuma hadi mdomoni halisamehi.

Tupa ikianza kulia na kutetemeka, hata ikiwa safi, utaona vijimstari vya mawimbi vilivyokingama vinajitokeza kwenye uso. Sababu ni moja kati ya tatu: mtutu unacheza kitandani, unakandamiza mno, au jino linakutana na chuma kwa pembe ileile kila mara. Igeuze tupa kidogo isiwe mraba kwa mtutu, nyuzi 10 hadi 30, na kwenye mzunguko unaofuata uigeuze upande wa pili. Mawimbi yaliyokwisha kuingia hayatoki kwa pembe ileile iliyoyaleta.

Ukiona mistari ya mashine imekwisha na wino umetoka sawasawa, hamia kwenye tupa laini. Mambo yote ni yaleyale, ila uzito upungue zaidi na usafishaji uongezeke, kwa sababu meno madogo yanaziba upesi. Mipigo kumi au kumi na tano ya urefu mzima kwa kila bapa inatosha. Bapa moja tangu mwanzo hadi mwisho litakuchukua nusu saa hadi saa nzima, na kama ni mara yako ya kwanza usipange kumaliza yote siku moja. Mkono uliochoka unainama bila mwenyewe kujua.

Karibu na mdomo pana mtego wake. Tupa ikifika mwisho wa chuma, nusu yake inabaki hewani na inataka kuinama, kwa hiyo sentimita mbili za mwisho huliwa kuliko kwingine. Weka kipande cha mbao ngumu au chuma chakavu mbele ya mdomo, usawa uleule na bapa, tupa ipite juu yake. Ndani ya mdomo wenyewe tupa isiingie. Ukingo wa tundu ndio wa mwisho kuiaga risasi, na ukiutia alama upande mmoja, gesi inatoka upande huo kwanza na shabaha inakwenda mrama. Kama umebaki na ukali baada ya kupiga mabapa, ulainishe kwa kipande kidogo cha msasa laini chini ya dole gumba, ukizungusha huku ukiuzungusha mtutu pia.

Ndani ya mtutu je? Hukuuliza, lakini wengi huuliza baada ya kumaliza nje: hakuna tupa ya ndani ya mtutu. Tundu linasuguliwa kwa kizibo cha madini ya risasi kilichomiminwa humohumo na kupakwa unga wa kusugulia, na hiyo ni kazi ya fundi mwenye uzoefu nayo.

Msasa, na suala la grenda

Ukitaka kuupa mtutu rangi ya kahawia kwa dawa ya kutusha, kama bunduki nyingi za aina yako, hauhitaji msasa mwingi. Dawa ile inaula uso wa chuma na kuufanya uwe na chembechembe, na mng'ao wa kioo uliouhangaikia unapotea siku ya kwanza. Namba 220 halafu 320, basi. Kwa rangi ya bluu nenda hadi 400. Msasa uuzungushie tupa yenyewe au kipande cha mbao ngumu kilichonyooka, utie mafuta mepesi, usugue kwa urefu wa mtutu. Ukisugua kwa vidole, msasa unaingia mabondeni na kuviringisha kona, na kazi yote ya tupa imepotea kwa dakika tano. Mikwaruzo ya tupa inayoonekana baada ya namba 220 haitaondolewa na 320. Rudi kwenye tupa laini kwa mipigo michache.

Rafiki yako ni mkweli kuhusu muda. Kwa grenda utamaliza kwa saa moja. Jiwe au diski ya grenda inagusa mahali padogo, inachimba kishimo kila inapotua, na hakuna mkono unaoweza kuipitisha inchi 42 bila kutua. Ili kunyoosha vishimo hivyo itabidi uteremshe bapa zima hadi chini ya kile kirefu kuliko vyote, na hapo ndipo ile nusu milimita niliyoitaja inapoondoka. Gurudumu la kitambaa nalo lina ubaya wake, linang'arisha haraka lakini linayeyusha kona zote nane hadi mtutu uonekane kama sabuni iliyotumika. Gobore la pembe nane uzuri wake ni kona.

Vaa miwani muda wote, na chenga usizipulize kwa mdomo. Zikusanye kwa sumaku iliyofungwa ndani ya mfuko wa plastiki, ukigeuza mfuko zote zinabaki ndani. Nawa mikono kabla ya kula, kwa ajili ya ile risasi iliyomo kwenye chuma.

Kuhusu sheria, huko uliko gobore la baruti nyeusi la aina hiyo halihesabiwi kuwa silaha ya moto chini ya sheria ya shirikisho ya mwaka 1968, lakini majimbo yana masharti yao, kwa hiyo angalia ya jimbo lako na kanuni za uwindaji kabla ya msimu wa gumegume unaoanza baada ya Krismasi. Ndugu zako watakaosoma haya wakiwa Tanzania au Kenya waelewe kwamba kwao mambo ni tofauti kabisa. Gobore ni silaha kama silaha nyingine, linahitaji kibali, na kulitengeneza au kulikarabati bila leseni ni kosa, Tanzania chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 na Kenya chini ya Sheria ya Silaha, sura ya 114.

Kila jioni ukiacha kazi, pangusa mabapa kwa kitambaa chenye mafuta mepesi. Chuma kilichotoka kupigwa tupa hakina ngozi yoyote ya kukilinda, na usiku mmoja wenye unyevu unatosha kukiwekea alama za vidole za rangi ya kutu. Kesho yake, kabla ya tupa kugusa tena, yatoe mafuta yote kwa spiriti, na siku ya kupaka dawa ya kahawia yatoe mara mbili kwa kitambaa kipya, kisha usiuguse mtutu isipokuwa kwa glavu safi.